Umeumia kwa Bodaboda: Karatasi Kwanza, Mapatano Baadaye

Salamu ziwafikie madereva wote wa bodaboda wa Manispaa ya Morogoro, mlioko Msamvu, Kihonda, Mazimbu, Chamwino na Bigwa. Salamu zipande na mlimani, kwenu mnaoshusha kabichi na njegere kutoka Nyandira na Mgeta, na ninyi mnaoleta ndizi kutoka Kinole na Matombo. Wazee wetu shikamooni. Akina mama mnaopanda pikipiki alfajiri na matenga ya nyanya kuwahi soko, poleni na kazi.

Leo tuzungumze jambo linalogusa karibu kila nyumba hapa kwetu. Umepata ajali ya pikipiki, umeumia. Je, sheria za nchi zinakupa nini? Nani anapaswa kukulipa? Na kama huna hela ya wakili, uende kwa nani? Nitayajibu maswali haya matatu moja baada ya jingine. Lakini kuna neno moja nataka ulishike tangu sasa, nami nitalirudia hadi mwisho: karatasi kwanza, mapatano baadaye.

Kwa nini nasema hivyo? Tuchukue mfano. Tuseme kijana anashuka kutoka Kinole asubuhi, nyuma amefunga mikungu ya ndizi, anaelekea Soko Kuu la Chifu Kingalu. Karibu na Kiroka, Fuso linajaribu kulipita gari jingine kwenye kona. Linamgonga. Ndizi zimetawanyika barabarani, pikipiki iko mtaroni, mguu wa kijana umevunjika. Watu wanajaa. Dereva wa Fuso anashuka anatetemeka, na tena ni mtu mwenye adabu zake. Anasema, "Mdogo wangu, nisamehe sana. Tusipelekane polisi, tuyamalize kindugu." Anatoa shilingi laki mbili. Mtu mmoja anachana karatasi ya daftari, na juu ya tangi la pikipiki ile ile inaandikwa: "Mimi fulani nimepokea shilingi laki mbili za matibabu. Sitakuwa na madai mengine yoyote." Kijana anatia sahihi akiwa amelala chini, mashahidi wawili wanaandika majina yao, karatasi inaingia mfukoni mwa dereva. Fuso linaondoka.

Sasa fuatana nami. Hospitali wanasema mguu unahitaji kufungwa vyuma. Ile laki mbili inaisha kabla hata ya upasuaji. Kijana anakaa nyumbani na hogo mguuni, miezi inapita. Bosi wake naye anataka hesabu ya kila siku, kwa hiyo pikipiki inatengenezwa na kukabidhiwa dereva mwingine. Mke anaanza kukopa dukani. Siku ndugu wanapokaa kikao kuuliza, "Hivi huyu hana haki yake?", hakuna anayekumbuka namba ya lile Fuso. Polisi hawana taarifa. Nakala ya karatasi haipo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na mguu wa mtu ni mali kuliko mali.

Msikilizaji, simsemi vibaya yule dereva. Huenda alitoa alichokuwa nacho mfukoni siku ile. Lakini hapa ndipo wengi hatuelewi: fidia kubwa haikupaswa kutoka mfukoni mwake. Ilipaswa kutoka kwenye bima ya gari. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza chombo chochote cha moto kuingia barabarani bila bima ya kulinda watu wengine. Ndiyo ile tunayoiita bima ndogo. Haikuwekwa ili trafiki apate la kukuuliza. Iliwekwa kwa ajili ya siku kama ile ya Kiroka, ili anayeumizwa asitegemee huruma ya aliyemgonga. Kwa hiyo unapomwonea dereva huruma na kuacha kutoa taarifa, mara nyingi unayemsamehe ni kampuni ya bima iliyokwisha kulipwa kwa kazi hiyo.

Basi tuanze na karatasi. Ni zipi?

Ya kwanza ni PF3. Hii ni fomu ya polisi ambayo daktari anaijaza. Kwenye fomu ile daktari anaeleza umeumia wapi na kiasi gani, na kama dhara ni la kawaida au ni kubwa. Mahakamani, maneno yale ya daktari yana uzito kuliko kilio chako. Ila nisikilize vizuri: mtu anayetoka damu apelekwe hospitali kwanza. Uhai hausubiri fomu. Ndugu mmoja akimbie na majeruhi, mwingine aende kituo cha polisi siku hiyo hiyo kufuata PF3.

Ya pili ni ripoti ya polisi ya ajali, ambayo mawakili na watu wa bima wanaiita PF 90. Pamoja nayo kuna mchoro wa eneo la ajali na taarifa ya ukaguzi wa vyombo vilivyogongana. Mchoro unaonyesha nani alikuwa upande gani wa barabara. Vyombo vikishaondolewa kabla askari hajafika, mchoro huo unakuwa wa kusimuliwa tu, na masimulizi hupingwa. Ndiyo maana nawaomba walio kijiweni: mwenzenu akigongwa, toeni simu, pigeni picha kabla hamjasogeza chochote. Namba ya gari. Alama za breki. Upande wa barabara. Chukueni pia namba za simu za watu walioona.

Ya tatu ni bima yenyewe. Siku hizi huhitaji kubembeleza kuonyeshwa stika. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo unaoitwa TIRA MIS. Unaingiza namba ya usajili wa chombo, unaona kama kina bima hai, ni bima ya aina gani na ya kampuni ipi. Ukiwa na namba ya gari tu, njia imefunguka.

Ya nne ni kumbukumbu za gharama. Risiti za dawa, cheti cha kuruhusiwa kutoka hospitali, picha za X-ray, hata nauli ya kwenda kliniki. Weka kila kitu kwenye bahasha moja. Na kama kipato chako cha siku kilikuwa kinaandikwa kwenye daftari la bosi, au hesabu ilikuwa inatumwa kwa simu, hifadhi ushahidi huo pia, kwa sababu fidia inaangalia na kile ulichokosa kwa kutofanya kazi.

Nazirudia: PF3, ripoti ya polisi na mchoro wake, bima, na kumbukumbu za gharama. Karatasi kwanza.

Sasa tuje kwenye swali la pili. Nani analipa? Hapa kuna hali tatu, na ni vizuri usizichanganye.

Hali ya kwanza ni umegongwa na mwingine, na kosa ni lake. Hapa unadai kwa aliyekugonga na mwenye gari, na bima ya gari ndiyo inayobeba mzigo. Kama kosa ni la wote wawili, sheria inaruhusu lawama igawanywe, na fidia yako itapungua kwa sehemu ya kosa lako. Kwa hiyo ndugu yangu, kama hukuvaa helmeti, kama ulipakia mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, kama huna leseni daraja A, upande wa pili hawatasahau kulitaja hilo. Helmeti inakulinda kichwa siku ya ajali, na inakulinda tena siku ya kesi.

Hali ya pili ni abiria wako ameumia. Mama uliyembeba kutoka Msamvu ameanguka na mkono umevunjika. Huyu ana haki ya kudai kwenye bima ya pikipiki yako. Lakini sikiliza hapa, mabosi mnaomiliki pikipiki, nanyi madereva. Pikipiki nyingi zinabeba abiria huku zimekatiwa bima ya matumizi binafsi, kwa sababu ni nafuu. Siku ya madai kampuni inauliza, "Chombo hiki kilikuwa kinafanya biashara?" Jibu likiwa ndiyo, inaweza kukataa kulipa, na mzigo wote ukarudi kwenu. Tangu kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za mwaka 2010, bodaboda ni usafiri wa abiria unaotambuliwa na sheria, na leo leseni yake iko chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Mkikata bima, kateni ya biashara ya abiria. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na nyumba itakayouzwa.

Hali ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi. Umeanguka mwenyewe. Hakuna aliyekugonga. Mvua za masika zimenyesha, utelezi kwenye mteremko wa Mgeta, umepiga chini. Nani analipa? Bima ndogo haikulipi. Imewekwa kwa ajili ya watu wengine unaoweza kuwaumiza, wewe dereva haikuhusu. Wengi wanalijua hili wakiwa tayari wodini.

Je, huna pa kushika kabisa? Papo. Kama umeajiriwa, kwa mfano unapeleka mizigo ya duka au kampuni na unalipwa mshahara, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Mfuko huo haumuulizi mfanyakazi kama kosa lilikuwa la nani. Unaangalia kama uliumia ukiwa kazini. Unagharamia matibabu, na unalipa fidia ya ulemavu wa muda au wa kudumu. Mwajiri ndiye anayechangia, wewe hukatwi kitu. Toa taarifa mapema. Ukiacha miezi 12 ipite bila mfuko kujulishwa, unaweza kuipoteza haki hiyo.

Lakini tuseme ukweli. Madereva wengi wa bodaboda hawana ajira ya namna hiyo. Kuna deiwaka anayeshika pikipiki ya mwenzake kwa siku. Kuna aliye kwenye mkataba, anapeleka hesabu mpaka pikipiki iwe yake. Hawa wanabeba hatari yote peke yao, ilhali faida wanagawana na mtu mwingine. Mimi naona hilo si sawa, na nalisema wazi. Mabosi wetu, mikataba mnayoandika inaeleza vizuri sana hesabu ya siku na tarehe ya kumaliza deni. Ongezeni kipengele kimoja tu: dereva akiumia kazini, itakuwaje? Nani atachangia matibabu? Hesabu itasimama kwa muda gani? Pikipiki aliyokwisha kuilipia nusu itachukuliwa, au itamsubiri? Kijana, usitie sahihi mkataba usiojibu maswali hayo. Na vijiwe vyenye mfuko wa kusaidiana, angalieni bima ya ajali binafsi inayomlinda dereva mwenyewe, pamoja na bima ya afya. Mwaka 2023 nchi yetu ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Fuatilieni namna ya kujiunga mkiwa kundi.

Kabla sijaenda kwenye msaada, kuna jambo moja linawachanganya wengi. Dereva aliyekugonga amepelekwa mahakamani, amekiri kosa, amepigwa faini, amelipa na kwenda zake. Majeruhi anasema, "Kesi imekwisha, sikupata kitu." Ndugu yangu, kesi ile ilikuwa ya Jamhuri na dereva. Faini inakwenda serikalini. Fidia ni dai lako, na ni lazima ulidai. Katika kesi ile ile ya jinai, hakimu ana mamlaka ya kuagiza mkosaji akulipe fidia, na unaweza kumwomba mwendesha mashtaka alitaje hilo. Hata hakimu asipoagiza, mlango wa madai haujafungwa. Omba nakala ya hukumu, itie kwenye ile bahasha yako, maana kampuni ya bima ikisoma kwamba dereva alikutwa na hatia, nguvu ya kubisha inapungua.

Na muda? Kwa madai ya kuumizwa kwa uzembe, Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inakupa miaka 3. Inaonekana mingi. Lakini mwaka wa kwanza unaishia kwenye matibabu, wa pili kwenye njoo kesho, wa tatu unashtuka umefungiwa nje. Na kama majeruhi amefariki dunia, Mungu amlaze mahali pema, familia isikae kimya. Mjane, watoto na wazazi waliokuwa wanamtegemea wana haki ya kudai.

Sasa swali la tatu, la huyu asiye na hela ya wakili. Aende wapi?

Mwaka 2017 Bunge lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria. Inasema mtu asiye na uwezo anaweza kupata ushauri na uwakilishi bure kutoka kwa watoa msaada waliosajiliwa. Sheria hiyo pia inawatambua wasaidizi wa kisheria. Hawa ni watu wa kwenye kata zetu, wamepewa mafunzo, wanajua namna ya kuandika barua ya madai, kukusindikiza polisi, kukueleza hatua. Hawasimami mahakamani kama mawakili, lakini wanakuonyesha njia. Na huduma yao hailipiwi. Utawapataje? Nenda kwa ofisa maendeleo ya jamii wa wilaya au manispaa, au anza na ofisi ya mtendaji wa kata yako, waulize watoa msaada waliosajiliwa ni akina nani. Hapa Morogoro tuna kituo cha wasaidizi wa kisheria kinachofanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 2023 pia ilizinduliwa Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, ambayo imezunguka mikoani na wanasheria wanaosikiliza watu bure.

Mahakama nayo imesogea. Morogoro ni kati ya mikoa ya mwanzo kupata Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, kilichozinduliwa mwaka 2021 pamoja na vingine vitano nchini. Ndani ya jengo moja kuna ngazi za mahakama kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu, pamoja na wadau wengine wa haki. Mtu anayetoka Bunduki au Kisaki kwa nauli ya kukopa hahitaji tena kuzungushwa mji mzima. Na kila mwaka, mwishoni mwa Januari, kuna Wiki ya Sheria, ambapo elimu na ushauri hutolewa bure. Vijiwe pangeni siku, nendeni kwa kundi.

Kama bima imekataa kulipa, au inakuzungusha? Unayo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na unaweza kuwasilisha malalamiko TIRA. Na kama umelazwa na hela imekwisha, omba kumwona ofisa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo, usitoroke wodini. Ukitoroka unaacha na taarifa zako za matibabu, ambazo ndizo ushahidi wako.

Nina onyo moja. Wapo vishoka. Anakufuata kitandani, amevaa vizuri, anasema yeye ni wakili, anakwambia, "Tia sahihi hapa, tutagawana nusu kwa nusu." Usitie. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili unaokuwezesha kuhakiki kama mtu huyo ni wakili kweli na ana ruhusa ya kufanya kazi. Muulize jina lake kamili, hakiki, ndipo mzungumze. Na umwombe mtu unayemwamini akusomee kila mstari kabla kalamu haijagusa karatasi.

Labda kuna mzee ananisikiliza Matombo anasema, "Mwanangu, sisi tumelelewa kupatana. Unatufundisha kushtakiana?" Hapana, mzee wangu. Kupatana ni jambo jema, na hata mahakama huwahimiza watu wasuluhishane kwanza. Ninachosema ni kwamba huwezi kupatana juu ya kitu usichokijua kipimo chake. Siku ya ajali hakuna anayejua kama mguu utapona au utabaki mfupi. Subirini daktari aseme. Kusanyeni karatasi. Kisha kaeni, wazee mkiwepo, msaidizi wa kisheria akiwepo, muandike mapatano yanayolingana na jeraha. Mapatano ya namna hiyo hayaachi kinyongo, kwa sababu hakuna aliyedanganywa.

Tunakaribia kumaliza, kwa hiyo nikukumbushe. Moja, majeruhi hospitali kwanza, na siku hiyo hiyo taarifa polisi na PF3. Mbili, picha, namba ya gari na mashahidi kabla vyombo havijasogezwa. Tatu, hakiki bima ya chombo kwa namba yake. Nne, usitie sahihi ya "sina madai mengine" barabarani wala kitandani. Tano, faini haikuzuii kudai fidia, na una miaka 3. Sita, huna hela ya wakili? Msaidizi wa kisheria yupo, na ni bure.

Viongozi wa vijiwe, nawaachia kazi ya wiki hii. Itisheni kikao cha nusu saa tu. Kila dereva aonyeshe bima ya pikipiki yake, ijulikane ni ya biashara au ya binafsi. Chagueni wawili ambao mwenzenu akipata ajali, mmoja anakwenda hospitali na mwingine anakwenda polisi, bila kuulizana. Tafuteni namba ya msaidizi wa kisheria wa kata yenu, iandikwe kwenye simu ya kila mmoja. Mkifanya hayo matatu, kijana wa kijiwe chenu hatabaki na mguu uliovunjika na karatasi ya daftari.

Endesha salama, vaa helmeti, mvalishe na abiria wako. Karatasi kwanza, mapatano baadaye.